Majivu ya mzee wangu: nusu mtoni Uingereza, nusu baharini Pangani. Nianzie wapi?

BintiMuheza

Habari zenu wadau. Samahani uzi utakuwa mrefu maana hili jambo limenikaa kooni toka mwezi wa pili na huku nilipo sina wa kumuuliza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza nikianza kuuliza naishia kulia.

Mzee wangu alikuwa Mwingereza. Alikuja Pangani kufundisha hesabu miaka ya themanini, akakutana na mama, Mbondei wa Muheza, wakaoana, tukazaliwa mimi na mdogo wangu wa kiume, halafu tukahamia huku Leeds mimi nina miaka tisa. Amefariki Januari. Kaacha karatasi, mwandiko wake uleule wa ubaoni, anataka achomwe na majivu yagawanywe, nusu yaende mto Wharfe alikokuwa anavua samaki kila Jumamosi (alikuwa anawavua na kuwarudisha majini, mama mpaka leo hajalielewa hilo) na nusu yaende mlangoni mwa mto Pangani pale maji ya mto yanapokutana na chumvi. Basi, hakuandika zaidi. Mtu aliyekuwa anakata maksi ukitoa jibu bila kuonyesha njia, yeye katuachia jibu tupu.

Sasa majivu yapo. Tulikabidhiwa kwenye kopo la plastiki la kijani lenye mfuniko wa kuzungusha, lina stika ina jina lake na namba. Nilivyolipokea mkono ukashuka, nilidhani majivu ni kitu chepesi, kumbe ni kama umebeba unga kilo tatu. Mama kaliweka juu ya kabati pembeni ya redio. Saa moja asubuhi anawasha redio, habari zikiisha anazima. Hajaniambia kwa nini na sijamuuliza.

Ninachotaka kujua ni je, mtoni hapa unahitaji kibali au ukienda kimya kimya umevunja sheria? Ndege je, yanapita eapoti au yataishia mikononi mwa watu wa usalama? Na Pangani namuona nani kwanza, afya, bandari, mwenyekiti? Sitaki kufanya kama mwizi na sitaki pia kwenda kuamsha ofisi ambazo hazikuwa na shida na mimi. Halafu kuna mama mkubwa yuko Muheza, toka asikie shemeji yake kachomwa hapokei simu yetu. Hilo najua hamna fomu yake lakini nimeliweka tu.

fundi_wa_tanuri

Pole sana dadangu. Mimi Mkenya, huu mwaka wa kumi na moja nafanya kazi krematoria, mahali pa kuchomea maiti, huku Midlands, kwa hivyo hii ni sufuria yangu ya kila siku, acha nikueleze taratibu.

Kwanza ujue ulichobeba. Si majivu kama ya jiko la kuni. Tanuri linafika digrii 800 mpaka 1000 hivi, nyama na mbao zote zinaenda, kinachobaki ni mifupa imekauka kabisa. Tunaacha ipoe, tunatoa vyuma (misumari ya jeneza, chuma cha nyonga kama mtu alifanyiwa opresheni), halafu inaingia kwa mashine ya kusaga. Ndio maana ni nzito na ndio maana ukiimwaga inakuwa vitu viwili, kuna chembe kama mchanga wa pwani zinazama hapo hapo na kuna vumbi laini kama unga wa ngano ambalo linapeperuka likipata upepo kidogo tu. Watu wengi hawaambiwi hii, wanafungua kopo kwa urefu wa kifua, upepo unakuja, wanapanguza baba kwa koti. Nimeshuhudia, na si mara moja.

Sasa mtoni. Kwa England huhitaji leseni kumwaga majivu kwa mto na baharini pia huhitaji, leseni ni ya kuzika mwili mzima baharini. Lakini Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya huku, wana mwongozo wao na ni wa maana, si urasimu. Usimwage ndani ya kilomita moja juu ya mahali maji ya kunywa yanavutwa, na mto Wharfe unatumika kwa maji ya kunywa kwa hivyo wapigie ama waandikie uwaambie sehemu unayofikiria, watakuambia kama iko sawa. Kaa mbali na wavuvi, waogeleaji na boti zilizoegeshwa. Ukichagua daraja, angalia chini kama hakuna mtu na kayaki. Siku ya upepo rudi nyumbani. Shuka mpaka karibu na maji kabisa ndio umwage, na usitupe kitu cha plastiki wala waya, hata ile riboni ya maua.

Na Ilkley uiache, pale mto ulisajiliwa kama sehemu rasmi ya kuogelea 2020, ukienda wakati wa joto utakuta watoto wamejaa kwa maji. Kitu kingine watu husahau ni ukingo. Huku kila kipande cha ukingo kina mwenyewe, ama mkulima ama klabu ya wavuvi. Kama mzee alikuwa mwanachama wa klabu waulize hao kwanza, nakuhakikishia watakuja na kofia mkononi.

Kugawanya usijifanyie mwenyewe jikoni. Rudi kwa waliokuandalia mazishi, wanapima kwa mizani, wanakuwekea makopo mawili na kila moja na stika yake. Itisha pia nakala ya cheti cha kuchomwa maana utakihitaji kwa safari.

kigingi

Pole kwa msiba. Ila na mimi niseme la moyoni, mnanisamehe. Mwafrika anazikwa. Mkishamwaga mtu mtoni msalaba mnaweka wapi, wajukuu mnawaonyesha nini, maji? Maji ya leo si ya jana. Huyo mama mkubwa namuelewa kabisa.

fundi_wa_tanuri

@kigingi nimekuskia na sikubishii hisia. Lakini hii ya "Mwafrika anazikwa" sisi Kenya tumeivuka kitambo. Askofu mkuu mstaafu wa Anglikana, Manasses Kuria, alichomwa 2005 na mkewe alitangulia hivyo hivyo 2002, watu walipiga kelele wiki mbili wakanyamaza. Wangari Maathai 2011 pale krematoria ya Kariokor, Nairobi, tena alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, wakamtengenezea la mianzi na mafunjo na magugu maji. Mwanasiasa Matiba 2018, Collymore bosi wa Safaricom 2019. Hao si watu walikosa shamba la kuzikwa.

Swali lako la wajukuu waonyeshwe nini, hilo ni la kweli. Maathai mwenyewe majivu hayakumwagwa majini, yaliwekwa pale kwa taasisi yake Kabete, mtu anaweza kwenda. Kwa hivyo dadangu @BintiMuheza fikiria hapo pia kabla hujamaliza kopo.

mama_parokia

Kama marehemu alikuwa Mkatoliki angalieni. Kanisa linaruhusu kuchoma lakini Vatikani mwaka 2016 ilisema wazi majivu yasimwagwe hewani, ardhini wala majini, yasigawanywe, yahifadhiwe mahali patakatifu. Desemba 2023 wakalegeza kidogo, mamlaka ya Kanisa inaweza kuruhusu sehemu ndogo iwekwe mahali penye maana kwa marehemu, ila kumwaga bado hapana. Kwa baharini kinachokubalika ni kushusha chombo kizito kilichofungwa kikazama na majivu yake, kama mtu anazikwa. Simhukumu mtu, natoa taarifa.

BintiMuheza

Asante mama. Hapana, alikuwa Mwanglikana, tena wa Krismasi na Pasaka. Padri wetu wa hapa nilimuuliza, akaniambia kanuni za Kanisa la Uingereza zinataja bahari kabisa, ila zinataka mchungaji ndio aongoze. Kasema atakuja mtoni, na Pangani tutafute wa huko.

@kigingi sijakasirika. Umeandika kile ambacho mama mkubwa angekiandika kama angekuwa na simu kubwa.

MkenyaHouston

Sisi tulipitia haya na babamkwe, Mmarekani mweusi, aliwahi kuwa Navy, jeshi la majini la Marekani, zamani. Navy wenyewe wana huduma ya kuzika wanajeshi wao wastaafu baharini bure, pamoja na majivu, lakini inafanyika meli ikiwa kazini kwa hiyo familia hamuendi, mnatumiwa tu barua ya lini na wapi. Mke wangu akasema siwezi kumposti baba kama kifurushi. Tukakodi boti Galveston.

Sheria ya huku ni ya EPA, shirika la mazingira la serikali, kibali kipo tayari kwa kila mtu huombi, ila masharti yake lazima uwe umefika maili 3 za bahari kutoka nchi kavu, kama kilomita 5 na nusu, kina cha maji kwa majivu hakijalishi (mwili mzima ndio wanataka kwa kawaida futi 600 kwenda chini na kuna sehemu zaidi), na ndani ya siku 30 unawaandikia kuwaambia jina, tarehe, mlitoka bandari gani na mlimwaga wapi. Maua yawe ya kuoza, hakuna ya plastiki. Halafu kuna hili, shemeji yangu alitaka kuchanganya na majivu ya mbwa wa mzee, hairuhusiwi, kibali ni cha binadamu tu. Alinuna safari nzima. Mito na maziwa ya ndani hayaingii kwenye sheria hiyo, huko ni kila jimbo na mambo yake.

Lakini nilichotaka kukuambia dada ni eapoti. Sisi wengine tulikuwa tunatoka mji mwingine, mamamkwe kanunua chombo kizuri cha shaba kina nakshi, kinang'aa. Kwenye mashine ya eksirei shaba haionekani ndani, ni doa jeusi tu kwenye skrini, na hawa jamaa wa usalama sheria yao hawafungui majivu hata ukiwaomba. Kisichoonekana hakipandi. Basi. Mama kasimama na viatu mkononi analia, mimi nabishana, ndege ikaondoka. Tulirudi nyumbani, mzee akahamishiwa kwenye kontena la plastiki, la dola chache tu, kesho yake tukapita hata dakika mbili hazikufika. Lile kopo lako la kijani usilibadilishe kwa ajili ya urembo. Plastiki au mbao nyembamba. Beba mkononi, usiweke kwenye begi la chini maana mabegi yanapotea, ile ni kitu huwezi kulipwa fidia.

Na pigia kampuni ya ndege kabla hujakata tiketi, wengine wanataka taarifa mapema.

fundi_wa_tanuri

Hapo kwa karatasi niongezee. Cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa, na barua kutoka kwa hao wa mazishi inayosema kopo lina majivu ya fulani na hakuna kitu kingine ndani. Zote ziwe kwa bahasha moja unayoweza kutoa haraka. Ubalozi wa Tanzania London waandikie imeli uwaulize wanataka nini upande wa kuingia, uchapishe jibu lao utembee nalo. Ofisa akiona muhuri wa kwao anapoa.

MhindiWaMombasa

Dada pole. Mimi Mhindi bana, nimezaliwa Mombasa na babu amezaliwa Mombasa, na hili mnalolizungumza kama ajabu kwetu ni Jumanne tu. Mtu akifa twamchoma, kesho yake ama keshokutwa wana waenda kuokota mifupa na majivu, yaoshwa kwa maji na maziwa, yatiwa kwenye chungu cha udongo, chafungwa kitambaa, kisha baharini. Wenye uwezo wapeleka Ganges, wasio na uwezo Bahari ya Hindi yatosha, babu alikuwa akisema maji yote yajuana.

Tena mwajua Gandhi mwenyewe yuko Afrika Mashariki? Sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja 1948, pale mto Nile unapotokea ziwani, na sanamu yake ipo pale, ilifunguliwa 1997 na waziri mkuu wa India. Ukienda utaikuta. Na huko huko Uingereza, Leicestershire, kuna mto Soar ambao ndugu zetu na Masingasinga watumia kwa kazi hii, kuna sehemu imetengwa na boti. Kwa hivyo huko mtoni wala hutakuwa wa kwanza.

La kukuambia ni hili, chungu cha udongo kikiwa hakikupakwa rangi chazama na bahari yakila pole pole, hakuna uchafu. Maua chambua uzi. Watu waleta shada la asumini limetungwa kwa nailoni walitupa vivyo hivyo, kasa anameza. Sisi twachambua petali moja moja, wazee wakaa kwenye boti wachambua kama mchicha, na kazi hiyo yasaidia kwa sababu mikono yapata la kufanya.

Na kwa wa Kenya wanaosoma, sehemu za hifadhi ya bahari kama ile inayopita Nyali na Bamburi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, waulizeni kwanza. Sisi huwa twaikwepa tu.

Baba alipomaliza kumshusha babu alitwambia tusigeuke nyuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, niligeuka. Niliona maji tu.

Nahodha_Kigombe

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Binti pole. Nimetumiwa uzi huu na kijana wangu kwa sababu umetaja Pangani na mimi maji hayo nayajua toka niko mtoto.

Niseme kwanza mimi Mwislamu na kwetu kuchoma maiti hakuna, hilo liko wazi halina mjadala. Kwetu mtu akifia safarini baharini na nchi kavu iko mbali anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anafungwa uzito na kushushwa. Lakini chombo changu ni cha kukodi na msiba ni msiba. Nimeshapeleka familia moja ya kizungu kazi kama yako. Mimi nilishika usukani nikatazama mbele, mambo yao wakafanya wenyewe.

Sasa sikiliza, siku ile tuliharibu. Mama yule alikuwa amekaa upande wa goshini, upepo unampiga usoni, nikamwambia kwa ishara ahame, akadhani namwambia aanze. Akamwaga. Yote yakarudi, kwenye kilemba changu, kwenye birika la chai, kwenye tanga. Wakanyamaza wote halafu mtoto mmoja akacheka na mama naye akacheka mpaka akakaa chini. Alhamdulillah waliondoka vizuri lakini tanga sikulifua kwa maji ya bomba, nililichovya palepale baharini mpaka likatakata, niliona ndiyo haki yake. Kwa hiyo kumwaga ni upande wa demani, upepo uwe mgongoni mwako, na mkono ushuke mpaka uguse maji. Kama chombo kina kingo ndefu tia majivu kwenye kikapu au chungu ukishushe kwa kamba.

Pili ni maji. Mlango wa Pangani una fungu la mchanga, maji yakiwa yanatoka kwa nguvu na upepo unatoka baharini mawimbi yanasimama pale kama ukuta, si mahali pa kumpeleka mama mwenye msiba. Tena ukimwaga maji yanajaa unajua kitatokea nini? Yanarudi juu mtoni, yatapita kivukoni watu wanavuka kwenda Bweni na baiskeli zao. Wewe toka maji yanakaribia kujaa, vuka fungu, subiri nje. Maji yakishajaa yanasimama kidogo kama yanafikiri. Yakianza kutoka ndipo umwage, mto wenyewe utambeba mzee kwenda nje. Chagua siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, bamvua acha, mkondo wake mkali. Na mwezi usije wa sita wala wa saba, kusi inachapa. Njoo tanga mbili, mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja, asubuhi na mapema upepo ukiwa bado wa umande.

Watu wa kuwaona. Mimi si mwanasheria. Lakini mgeni akija na kopo akaingia baharini bila kumwambia mtu, wavuvi wakikosa samaki wiki hiyo itasemwa ni yeye. Nenda kwa mtendaji wa kata na barua, akuandikie na agonge muhuri, akupeleke kwa ofisa afya wa wilaya. Halafu kaa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, pale diko, wanywe soda, waelewe. Usimwagie dikoni wala karibu na wanapoogea watoto. Na usivutwe na watu wa hoteli wakakwambia mwende kisiwa cha Maziwe kwa sababu ni pazuri kwenye picha. Zamani kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga tu, lakini ni hifadhi ya bahari, kina kiingilio na kasa wanataga pale, kina wenyewe. Baba yako amesema mlangoni, basi ni mlangoni.

Chombo kiwe na cheti na maboya ya kuvaa ya watu wote, hata kama mnaenda robo saa.

BintiMuheza

Nimesoma jibu lako mara nne, ya nne nimemsomea mama kwa sauti. Pale kwenye birika la chai kacheka. Sijamsikia akicheka toka Januari. Nakuja faragha mzee wangu.

kigingi

Mimi bado siungi mkono ila hii ya maji yanasimama kama yanafikiri imenikamata.

BintiMuheza (mrejesho, Novemba)

Wadau nimerudi, niliahidi mrejesho.

Mtoni tulifanya mwezi wa tano. Environment Agency walijibu imeli yangu, sehemu ya kwanza niliyotaja wakaniambia nisogee chini zaidi ya mto, klabu ya wavuvi wakatupa kipande chao, na kweli @fundi_wa_tanuri walikuja wazee saba na kofia mkononi. Mdogo wangu alivaa mabuti marefu ya mzee akaingia maji ya magoti. Mazito yakazama, lile vumbi likakaa juu ya maji likajinyoosha kama moshi wa sigara, likazunguka jiwe, likaenda. Dakika moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kirefu zaidi.

Eapoti, kopo la plastiki lilipita bila neno. Dar forodha kijana akasoma karatasi zote mpaka mwisho, akauliza "huyu ndiye baba?" nikamwambia ndiye, akasema poleni karibuni nyumbani, akagonga muhuri. Mama alishikilia ule mfuko mpaka Tanga hakutaka uwekwe kwenye buti ya gari.

Pangani ilikuwa kama nahodha alivyosema, mtendaji, muhuri, afya, soda. Kiongozi mmoja wa BMU akasema mwalimu alimfundisha kaka yake, akakataa soda akasema atakuja na mtumbwi wake kutusindikiza. Tulitoka saa kumi na mbili kasoro. Kasisi alikuja, akasoma kwa Kibondei kidogo na Kiswahili. Tulichambua maua, uzi nikautia mfukoni, bado uko kwenye koti.

Mama mkubwa. Hatukumwambia tarehe lakini Muheza hakuna siri. Tulimkuta amekaa ufukweni kwenye gogo, kanga mbili, hajatusalimia. Akasema haingii kwenye mashua kwa jambo hilo. Sawa. Mama akafungua kopo amuage tu, mama mkubwa akachungulia muda mrefu halafu akatoa kwenye kikapu kikombe cha chai cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu. Akasema nipeni na mimi wangu. Akachota mwenyewe, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, akakifunika na leso akakifunga fundo. Kaenda kukizika nyuma ya nyumba Muheza pale alipo bibi na babu, chini ya mchungwa, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, na msalaba umewekwa una jina. @kigingi nimekuwekea hii makusudi.

Tulivuka fungu tukasubiri. Maji yalisimama kweli. Injini ilizimwa, sikujua kama bahari inaweza kunyamaza vile. Yakaanza kutoka, mama akashusha chungu, demani, mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kwa hiyo nusu kwa nusu haikutoka, imekuwa nusu, nusu kasoro, na kikombe.

fundi_wa_tanuri

Angekata maksi huyo.

BintiMuheza

Hapana, njia nimeonyesha 😂

kigingi

Nimesoma. Mungu ampumzishe mwalimu. Huo mchungwa ni wa aina gani?

Nahodha_Kigombe

Binti nashukuru mmefika salama. Ndala ya mama ya mguu wa kushoto ilibaki kwenye mashua chini ya nanga, nimemwachia muuza chai wa kivukoni, atakayepita aichukue.